Gari la harusi Jumamosi: dawa ya meno, siki, glisirini, au ninunue vya dukani?

Mtoto_wa_Tabata (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu anaoa Jumamosi hii na kamati imepitisha kwamba gari la bibi harusi ni langu. Sikuulizwa, nilitangaziwa kikaoni huku watu wanapiga makofi. Gari lenyewe ni RAV4 nyeusi ya mwaka 2003, ile mnayoiita Kili Time, imekula jua la Dar miaka saba mikononi mwangu. Ukiliona usiku, kwa mbali, ni gari zuri sana.

Mchana ndiyo kazi. Taa za mbele zimekuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Boneti na paa vimejaa madoa meupe ya mviringo kwa sababu naoshea maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Tairi zimepauka. Plastiki za bampa na za juu ya matairi, zilizokuwa nyeusi, sasa zina rangi ya jivu. Ndani ndiyo usiseme: mwezi uliopita nilipakia ndoo ya samaki kutoka Feri, ikamwagika nyuma ya kiti cha abiria. Tangu siku hiyo kila ninayempa lifti anashusha kioo bila kuniomba.

Fundi mmoja wa polishi amenitajia bei inayolingana na mchango wangu wa harusi, na mchango nimeshatoa. Mtaani naambiwa dawa zote zimo ndani ya nyumba: dawa ya meno kwenye taa, siki kwenye madoa, mafuta ya taa kwenye tairi, kiwi kwenye plastiki, mafuta ya nazi kwenye dashibodi, sabuni ya vyombo mwili mzima, hata kondishena ya nywele kwenye rangi.

Najua vyote hivyo watu wanavitumia. Nataka kujua ni wapi cha nyumbani kinashindana kweli na cha dukani, na ni wapi nikibana hela nitaumia. Nina siku nne. Picha siweki, nina familia. Nawasilisha.

Shemeji_Mkorofi

Funika lote maua na riboni mkuu, taa ataiona nani? 😂

Fundi_Klia

Kijana, kabla hujasugua kitu jua unasugua nini. Juu ya rangi ya gari lako kuna tabaka lisilo na rangi, sisi mafundi tunaliita klia. Gari likitoka kiwandani unene wa klia mara nyingi ni mikroni 40 au 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wako. Mng'ao wote unaoutafuta uko hapo, na kila unachosugua kinapunguza hapo. Ikiisha imeisha, hakuna cha jikoni kitakachoirudisha.

Sasa dawa ya meno. Ile ni unga laini wa kusugulia, chokaa au silika, umetiwa povu na ladha. Kwenye taa inafanya kazi kweli, sikatai. Taa za magari ya siku hizi si kioo, ni plastiki inayoitwa polikaboneti, na kiwandani hupakwa ngozi ya kuzuia jua. Hiyo ngozi ndiyo iliyoungua ikawa njano. Dawa ya meno inakwangua ule ukungu wa juu, taa inafunguka macho. Tatizo ni kwamba umeiacha plastiki uchi. Baada ya wiki kadhaa, ukibahatika miezi michache, njano inarudi, na safari hii inarudi na hasira.

Kwa harusi ya Jumamosi: tumia dawa ya meno nyeupe ya kawaida. Zungushia teipu ya karatasi kwenye rangi, lowesha taa, sugua kwa kitambaa cha pamba hadi mkono uchoke, suuza, rudia. Kwa gari utakalokaa nalo: msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, 2000, 3000, kisha polishi, kisha klia yenye kinga ya jua. Hiyo ya mwisho usiiruke, ndiyo ngozi mpya.

Ila boneti nyeusi usiiguse na dawa ya meno. Nakuomba. Itakuachia mikwaruzo ya duara, na ukifika ukumbini chini ya zile taa itaonekana kama utando wa buibui.

Hilux_Nyeupe

Fundi mimi nakupinga. Pikapu yangu ya zamani nyeupe ilikuwa imefubaa kabisa, ukiegemea shati linatoka na unga. Nikasugua mlango mmoja kwa dawa ya meno, ukang'aa kama sahani. Sasa hiyo mikwaruzo yako iko wapi?

Fundi_Klia

@Hilux_Nyeupe kitambaa chako kilitoka na rangi gani?

Hilux_Nyeupe

Nyeupe.

Fundi_Klia

Basi gari lako halina klia. Nyeupe nyingi za kazi za zamani zilipigwa rangi peke yake, ndiyo maana zinafubaa na kutoa unga. Wewe ulikwangua rangi iliyokufa ukafika kwenye iliyo hai. Na mikwaruzo kwenye nyeupe haionekani, kwenye nyeusi unaiona hata bila miwani. Kwa hiyo hatupingani. Tunazungumzia magari mawili tofauti.

MamaKisauni

Hamjambo wanangu. Mie niko Mombasa, na maji ya kisima ya chumvi mniulize mie. Yale madoa meupe si uchafu wa kuondoka kwa sabuni hata usugue mpaka kesho. Ni chokaa na magineziamu zilizomo kwenye maji: tone limekauka juani, maji yamekwenda, mawe yamebaki. Dawa yake ni asidi nyepesi, na asidi nyepesi ya nyumbani ni siki.

Fanya hivi. Gari liwe kivulini na bati lipoe, si boneti ya saa saba mchana ambayo ukiweka kiganja unaruka. Siki nusu, maji safi nusu. Lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya doa, hesabu dakika moja au mbili, kipanguse kidogo bila kusugua kwa nguvu, mwagia maji. Ukimaliza eneo lote, lioshe kwa sabuni ili siki isibaki. Vioo pia hivyo hivyo, na kwa vioo kausha na gazeti. Siki na gazeti kwangu mie ni bora kuliko dawa ya vioo ya chupa, na kama vioo vyako vina tinti ndiyo zaidi, kwa sababu zile za chupa zenye amonia zinaila tinti.

Ndimu pia inaondoa, bibi yangu alikuwa hasugui masinia ya shaba ila kwa ukwaju na ndimu, ikawa unajitazama uso. Lakini ndimu ni kali kuliko inavyoonekana na ina nyuzinyuzi. Bora siki.

Mambo mawili mnisikize. Moja: doa likikataa mara mbili, liache. Limeshaila hiyo klia anayosema fundi, hapo si doa tena, ni shimo. Pili: siki isikutane na jiki hata kwa bahati mbaya, hata kwenye ndoo moja isiyosuuzwa. Hutoa hewa ya klorini, utaanguka hapo hapo uani.

Mswahili_Muscat

Mama amesema kweli tupu. Nami niongeze la maji ya kumalizia. Huku Muscat kiangazi hewa ina unyevu, mpira wa AC unajaza ndoo kwa siku. Maji yale ni ya mvuke uliopoa, hayana chumvi wala chokaa. Mimi naosha gari kwa maji yoyote, lakini suuzo la mwisho ni ndoo ya maji ya AC, na sijaona doa jeupe tena. Tabata mna AC? Kama hamna, kinga maji ya mvua ikinyesha.

Na mafuta ya nazi kwenye dashibodi usithubutu, yakhe. Nilipaka mara moja. Siku ya kwanza inang'aa. Siku ya pili mwanga wa jua unapiga dashibodi unarudi kwenye kioo cha mbele, huoni barabara. Siku ya tatu vumbi lote la mji limenata pale, na mafuta yamepikika, gari linanuka kama jiko la kukaangia vitumbua. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa na tone la sabuni kinatosha. Dashibodi si lazima ing'ae, watengenezaji waliifanya ising'ae makusudi.

Mzee_wa_Povu

Nina eneo la kuoshea magari Mwanza mwaka wa kumi na moja huu. Leo nitoe siri za jikoni, maana wengi wenu mnatulipa tuwaharibie magari na mnatupa na chenji juu.

Sabuni ya unga: safi kwa nguo, mbaya kwa gari. Ni kali, inaondoa nta yote, na chembe ambazo hazijayeyuka unazisugulia kwenye rangi kama mchanga. Sabuni ya kipande inaacha utando kwenye maji magumu. Sabuni ya maji ya mtaani, hizi zinazopikwa kwenye mapipa kwa kemikali za povu, salfoniki na slesi, inategemea mpishi. Wengi wanaifanya iwe nzito kwa chumvi, ndiyo maana inaonekana tajiri. Ukiitumia, suuza mara mbili, hasa kwenye maungio ya milango na chini. Kama unaweza kununua kitu kimoja tu dukani, nunua shampuu ya gari. Kifuniko kimoja kwenye ndoo, chupa inakaa miezi.

Tairi sasa. Vijana wengi wanapiga mafuta ya taa au dizeli iliyochanganywa na mafuta machafu ya injini. Linang'aa jeusi tii, mteja anafurahi, anaondoka. Mafuta ya jamii hiyo yanaulainisha mpira na kuuvimbisha, baadaye unakauka na kupasuka pembeni. Mimi nilikuwa napiga pia zamani, nisijifanye malaika. Niliacha siku mafuta yaliporukia breki za Noah ya mtu, jamaa akakanyaga kwenye mteremko, gari likachelewa kusimama. Halikugonga. Lakini alirudi, na alivyokuja kuniangalia usoni sijasahau.

Sasa natumia glisirini, hii hii ya kupaka mwilini. Nusu glisirini nusu maji. Siri haiko kwenye kupaka, iko kwenye kuosha kwanza: brashi ngumu na sabuni hadi povu litoke jeupe, maana povu la kwanza huwa kahawia kama chai. Acha tairi likauke kabisa. Paka kwa sponji ubavuni tu, subiri dakika kumi, futa inayong'ang'ania. Haina ugomvi na mpira. Ubaya wake inayeyuka kwa maji, mvua moja imeondoka, na vumbi linaipenda. Ile ya dukani yenye silikoni inakaa muda mrefu zaidi. Kwa siku moja ya harusi huoni tofauti, kwa masika utaiona.

Boda_Mstaafu

Sisitizeni hapo UBAVUNI TU. Nilipaka mafuta ya kula tairi la pikipiki, lote, hadi panapokanyaga. Kona ya kwanza nikalala na abiria wangu na kuku wake wawili. Kuku ndio waliosalimika.

Kaka_wa_Mbezi

Plastiki zilizopauka ni rahisi sana mbona mnazunguka. Kiwi nyeusi, brashi ya viatu, dakika ishirini. Zinakuwa mpya. Utanishukuru.

MamaKisauni

Na shela la bibi harusi litapita wapi kuingia garini?

Kaka_wa_Mbezi

...nimefuta kauli. 🙏

Fundi_Klia

Mama kamaliza kazi 😂. Kiwi ni nta na rangi, haizami kwenye plastiki, inakaa juu. Jua likipiga inalainika, anayeegemea anaondoka nayo. Mafuta ya mgando nayo ukiyapaka hapo, hayatoki kirahisi kwenye nguo nyeupe. Hapa ndipo nakwambia kijana, usibane hela. Nunua ile dawa ya kurudishia weusi wa plastiki, paka Alhamisi usiku, ikauke Ijumaa nzima, kisha pitisha kitambaa cheupe ukaone kama kinatoka kisafi. Kikitoka na weusi, futa tena.

Mnyamwezi_Halisi

Jamani mmesahau nta. Mimi wa Tabora, huku asali na nta ya nyuki si habari. Mwaka juzi nikajipikia waksi yangu: nta nikaiyeyusha kwenye bakuli juu ya maji ya moto, nikachanganya na tapentaini, ikawa laini kama siagi. Nikapaka gari. Wallahi lile gari lilikuwa na kina, ukitazama mlangoni unaona mawingu.

Saa nane mchana nikalikuta lina michirizi. Nta imelainika imeshika vumbi lote la barabara ya Sikonge, ukigusa unaacha alama za vidole kama za polisi. Nikaja kuelewa baadaye: nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, na bati jeusi juani linaweza kufika huko. Zile za makopo wanachanganya nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Ile mpaka nyuzi 80 na zaidi ndiyo inayeyuka. Nyuki wetu wamejitahidi ila hapo wamepigwa.

Kwa meza na milango ya mbao bado natumia ya kwangu. Kwa gari nilinunua kopo.

Mtoto_wa_Tabata (Jumatano, saa 4 usiku)

Wakuu nimerudi na mrejesho, mgongo hauko sawa.

Taa. Nilifanya ya kushoto kwa dawa ya meno, ya kulia nikaiacha kwanza nione. Dakika thelathini na tano za kusugua, soksi ya zamani ya pamba. Lile povu linaanza jeupe, linageuka rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo ukajua njano inahama. Mara ya tatu nikasuuza, nikarudi nyuma hatua tano: gari likawa kama mtu aliyefumba jicho moja. Sasa naona balbu ndani. Haijawa kioo, kuna ukungu kidogo kwa juu, lakini ni mbingu na ardhi. Ya kulia nimeifanya leo jioni, mkono wa kushoto, wa kulia umekataa.

Madoa ya boneti. Nilifuata ya Mama na siki nusu kwa nusu. Mengi yaliondoka raundi ya kwanza, unasikia kabisa kidole kinavyoteleza pale palipokuwa na kijiwe. Kama saba hivi yamekataa, yana alama ya duara iliyozama. Nimeyaacha kama nilivyoambiwa, ingawa mkono ulikuwa unawasha.

Halafu nikafanya kajaribio. Boneti nikaigawa kwa teipu ya karatasi vipande vitatu. Cha kwanza sikupaka kitu. Cha pili kondishena ya nywele ya mke wangu (hajui, msinichomee). Cha tatu nta ya kopo yenye karnauba niliyoazima kwa jirani. Jana jioni kondishena iling'aa zaidi ya nta, naapa, nilikaribia kuja kuwatukana. Leo asubuhi nikamwagia maji ya kawaida. Kwenye nta maji yakakusanyika matone yakabingirika. Kwenye kondishena yakatandaa kama blanketi, sawasawa na pale ambapo sikupaka kitu. Nikaosha kwa shampuu, nikakausha. Kondishena imeenda na maji, nta bado ipo.

Swali: kabla ya kupaka nta gari zima, nioshe na nini? Sabuni za nyumbani mnazipiga vita, lakini nilisikia mahali ya vyombo ndiyo inayofaa.

Mzee_wa_Povu

Shampuu. Sabuni ya vyombo haigusi gari langu.

Fundi_Klia

Mzee, hapa nakukatalia kwa heshima. Sabuni ya vyombo ni mbaya kuoshea kila wiki kwa sababu inaondoa nta na mafuta. Lakini siku unayotaka kupaka nta mpya, hicho ndicho unachokitaka: rangi iwe tupu. Na huyu kijana amepaka kondishena, ina silikoni, nta haitashika vizuri juu yake. Aoshe mara moja kwa sabuni ya vyombo kidogo kwenye ndoo, asuuze sana, akaushe, apake. Kuanzia hapo arudi kwenye shampuu.

Mzee_wa_Povu

Mara moja sawa. Mimi nawajua wateja, ukimwambia mara moja anafanya mwaka mzima.

Kijana, ndoo ziwe mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji. Mchanga unaotoka sketi za gari, zile za chini ya milango, usiurudishe kwenye boneti. Anza paa, maliza chini. Hicho ni cha bure na kinazidi dawa zote zilizotajwa humu.

Mtoto_wa_Tabata

Asanteni. Sasa lile la samaki. Nimemwaga bekingi soda kwenye kapeti, nimeiacha usiku mzima, nimefyonza. Nimeweka mkaa kwenye soksi chini ya viti vyote. Harufu imepungua robo tu. Kesho kutwa ni Ijumaa!

MamaKisauni

Mwanangu, ukimletea samaki mama yako anampaka nini kabla ya kumkaanga?

Mtoto_wa_Tabata

Ndimu.

MamaKisauni

Basi jibu unalo. Ile harufu ya samaki ni ya upande wa magadi, na bekingi soda nayo ni ya upande huo huo, wataelewana wakae pamoja. Unahitaji asidi. Bekingi soda ingekufaa kama ni maziwa yaliyomwagika yakachacha. Nyanyua kapeti pale ilipomwagika, siki na maji nusu kwa nusu, lowesha mpaka chini kwenye sponji lake, maana maji ya samaki yaliteremka huko. Gandamiza kwa taulo kavu, rudia, acha milango wazi juani. Mkaa uache, hauna madhara, ila huo ni mlinzi wa usiku tu, hafui nguo.

Shemeji_Mkorofi

Kemia ya Mombasa hii 😂 mama afungue chuo.

Mtoto_wa_Tabata (Jumapili, saa 6 mchana)

Mrejesho wa mwisho, nimelala masaa kumi na mawili.

Nilichonunua: shampuu ya gari, kopo dogo la nta, na ile dawa ya plastiki. Dawa ya plastiki peke yake ilizidi bei ya siki, glisirini na dawa ya meno ukiviweka pamoja, na sijutii. Nilipitisha kitambaa cheupe kama fundi alivyosema, kikatoka na weusi, nikafuta, nikapitisha tena, nikafuta tena. Shela limepanda na kushuka mara nne halina hata alama.

Tairi ni glisirini. Zilikaa nyeusi kanisani, zikakaa nyeusi kwenye picha za ufukweni, kufika ukumbini zilikuwa na vumbi la njia ya mkato aliyotupitisha kiongozi wa msafara. Hakuna aliyeziangalia.

Taa zilionekana safi mchana. Usiku nikawasha, mwanga umeongezeka kweli, zamani nilikuwa naendesha kwa kubahatisha. Mwezi ujao nikipata nafasi nitapiga msasa na klia ya jua, nimeshaongea na kijana mmoja wa eneo la Gerezani hapa Dar.

Tukio: nje ya kanisa kunguru wa Dar akafanya yake katikati ya boneti, nyeupe juu ya nyeusi, dakika kumi kabla maharusi hawajatoka. Best man akatoa leso aifute kavu. Nilimkamata mkono hewani. Nikamwagia chupa ya maji ya kunywa, nikalaza kitambaa kibichi, nikasubiri ilainike, nikakiinua taratibu. Ikatoka yote, hakuna mkwaruzo. Kwenye nta haikupata pa kushika.

Bibi harusi aliingia, akajipanga, akakusanya shela lake vizuri. Kimya. Tukafika kona ya kwanza akamgeukia mdogo wangu akamnong'oneza, lakini nilisikia: "Mbona gari linanuka kachumbari?"

MamaKisauni

Afadhali kachumbari kuliko Feri. Acha madirisha wazi siku mbili, itakwisha. Na hongereni sana.